Kidato cha kwanza: mkondo wa jumla au mkondo wa amali?

Binti yangu yuko darasa la saba mwaka huu wa 2026. Januari ijayo, Mungu akijalia, anaingia kidato cha kwanza, na tangu Pasaka mjadala nyumbani kwetu ni mmoja: mkondo wa jumla, ule wa masomo ya kawaida, au wa amali, ule wa ufundi? Mama yake anavutia jumla. Bibi yake alinipigia simu kutoka kijijini kuniambia nisimharibie mtoto maisha kwa kumfanya fundi. Mwenyewe anasema anataka umeme. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, huu mwaka wa 19, kwa hiyo wazazi wenzangu nao huniuliza swali hilo hilo kila tunapokutana, kanisani, sokoni, hadi msibani. Nimeona niandike ninachojua mahali pamoja.

Baada ya kutembelea shule na kuzungumza na walimu wenzangu nimefika hapa: jina la mkondo lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Shule ya amali yenye karakana hai itamfaa mtoto kuliko shule ya jumla isiyo na maabara wala maktaba. Shule ya amali isiyo na karakana ni mbaya kuliko zote, maana mtoto atapunguziwa vitabu na kazi ya mikono asiipate. Ila wapo watoto ambao kwao mkondo mmoja ndio sahihi bila ubishi, nao nitawataja.

Tunachagua kati ya nini na nini

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025. Mtaala mpya wenyewe ulikuwa umeshaanza Januari 2024, kwa awali, darasa la kwanza, darasa la tatu, na kidato cha kwanza kwenye shule zilizotangulia kupokea amali. Elimu ya lazima inakuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Na hiyo minne ya sekondari sasa ina njia mbili.

Jumla ni ile tuliyosoma wengi wetu: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Jiografia, Historia ya Tanzania na Maadili, Elimu ya Biashara, kisha sayansi au sanaa kadiri mtoto anavyoelekea. Katika amali masomo ya darasani yanapunguzwa, yanabaki ya lazima kama Hisabati, Kiingereza, Historia ya Tanzania na Maadili na Elimu ya Biashara, na muda unaopatikana unakwenda kwenye fani: umeme, ujenzi, useremala, magari, kilimo na ufugaji, ushonaji, upishi, michezo, muziki na nyinginezo kulingana na shule.

Bibi wa binti yangu, na wengi wa rika lake, wanaposikia amali wanaona chuo cha waliofeli darasa la saba. Hapo ndipo pa kumsahihisha mzee kwa upole. Mtoto wa amali anakaa sekondari miaka minne ile ile, anafanya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa kidato cha nne kama wenzake, na juu ya huo anapimwa fani yake kwa viwango vya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, ili apate cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu. Akimaliza vizuri anatoka na vyeti viwili.

Jambo jingine linalowachanganya wazazi ni nani anayechagua. Kwa shule za serikali, nafasi za kidato cha kwanza hupangwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, na mtoto anaweza kujikuta kwenye shule ya mkondo ambao hamkuufikiria kabisa. Uhuru wa mzazi upo zaidi kwenye shule binafsi na za dini, na kwenye kuomba uhamisho. Kwa hiyo fikirini sasa, kabla majina hayajatoka. Baada ya majina kutoka huwa ni mbio na foleni tu.

Karakana mbili

Tulitembelea shule mbili za amali, mimi na binti yangu. Sitazitaja, moja kwa sababu nisingependa kuiharibia jina, na nyingine kwa sababu nafasi zake tayari ni chache.

Ya kwanza ina jengo zuri, bati jipya, sakafu ya kung'aa. Ndani kuna mashine ya kukereza chuma ambayo bado imevikwa nailoni ya kiwandani. Nilipitisha kidole juu ya nailoni ile, kikatoka na vumbi. Nikaomba kuona daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili. Kurasa nne za kwanza zilikuwa kanuni za usalama karakanani zilizonakiliwa kutoka ubaoni kwa mwandiko safi kabisa, zikifuatiwa na majina ya sehemu za mashine ile ile, na mchoro wake kwa penseli. Mtoto aliyeandika daftari lile alikuwa hajawahi kuiwasha. Mwalimu wa fani, kijana mwenye moyo, aliniambia bila kuficha kwamba umeme uliofika kwenye jengo hauitoshi mashine, na kwamba yuko peke yake kwa madarasa yote. Nilimhurumia sana.

Ya pili ni banda la kawaida. Unapoingia unakutana na harufu ya risasi ya kulehemu. Ukutani wamegongelea vipande vya mbao, kila kimoja kina kisanduku cha saketi breka, swichi mbili na taa moja, na kila mwanafunzi ana kipande chake. Siku ile walikuwa wakifunga taa ya ngazini, ile unayowasha ukiwa chini na kuizima ukiwa juu. Kijana mmoja alimaliza, akawasha, taa ikakataa. Mwalimu hakumwambia kosa liko wapi. Alimpa testa akaendelea na wengine. Kijana akaanza kwenye breka, akafuata waya mmoja mmoja, akagundua kwamba nyaya mbili za kati amezifunga zote kwenye skrubu moja ya swichi ya kwanza. Akafungua, akafunga upya, taa ikawaka. Binti yangu alisimama nyuma ya yule kijana dakika zote hizo, na nilipomwambia twende alinijibu bila kugeuka, "Baba, subiri kidogo."

Tofauti ya shule hizo mbili haimo kwenye sera wala kwenye muhtasari, maana zote zinafuata mtaala mmoja. Ndiyo maana siwezi kumshauri mzazi yeyote aende amali kabla hajaenda kuona kwa macho yake, tena siku ya masomo, si siku ya wazazi ambapo kila kitu kimepangwa. Muombe mwanafunzi akuonyeshe kitu alichotengeneza yeye. Uliza nyaya, mbao au vitambaa vya mazoezi vinalipiwa na nani, na vya mwisho vilinunuliwa lini. Uliza mwalimu wa fani amewahi kuifanya kazi hiyo nje ya shule. Uliza watoto wanapelekwa wapi kwa mazoezi ya kazini, na kwa wiki ngapi.

Shule ya jumla nayo ikaguliwe hivyo hivyo. Nimefundisha kwenye shule ambako bomba la maabara halikuwahi kutoa maji na watoto wakajifunza kemia kwa chaki tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Rangi ya myeyusho iligeuka kuwa gani? Wanakariri: bluu. Ukiwawekea chupa tatu mezani hawajui ipi ni ipi. Mzazi anayekimbia amali kwa kuogopa karakana tupu, akampeleka mwanawe kwenye maabara tupu, hajakimbia kitu.

Kuhusu hisabati

Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Wazazi wengi wananiambia, "Mwalimu, wangu hesabu hazipandi, nampeleka amali." Nasikitika kila ninaposikia hivyo. Hisabati ni ya lazima kwenye mikondo yote miwili, na kwenye fani nyingi ndiyo inayotenganisha fundi na saidia fundi. Mafundi wa ujenzi wanajua kuchukua skweya ya msingi kwa kamba: unapima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari ikisoma mita 5 kamili, kona imenyooka. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras ninayoifundisha kila mwaka na kila mwaka nusu ya darasa wananitazama kama nimeongea Kichina.

Miaka michache iliyopita shule yetu ilikuwa inajenga vyoo. Niliwatoa wanafunzi wangu nje wakati fundi anapiga kamba. Kijana mmoja ambaye hakuwahi kuvuka alama 15 kwangu alishika kamba ile ya mshazari, ikasoma mita 5 na sentimita 8. Fundi akamuuliza, "Sasa tufanyeje, tubane au tupanue?" Akafikiri, akasema, "Tubane." Fundi akasogeza kigingi, ikasoma 5. Wiki ile yule kijana alinifuata ofisini kuniuliza kama 6, 8 na 10 nazo zinafanya kazi. Hakuwa mtoto asiyejua hesabu. Alikuwa hajawahi kupewa sababu.

Kwa mtoto wa namna hiyo, amali nzuri inaweza kumrudisha kwenye hisabati. Lakini mtoto anayepelekwa amali ili aepushwe na hisabati ataikuta pale mlangoni, imevaa ovaroli.

Tuliwahi kujaribu

Hili la kuunganisha shule na kazi tumeanza nalo zamani. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na katika miaka ya 1970 sekondari zikagawiwa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Zilikuwepo shule za ufundi zenye jina kweli kweli, Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Iyunga, Bwiru, Musoma, na wahandisi wengi wa nchi hii walipitia huko.

Kwingine mambo yalikwenda kombo. Shamba la shule likawa mahali pa adhabu, ukichelewa unapewa tuta. Kaka yangu mkubwa alisoma mchepuo wa ufundi kwenye shule ambayo sitaitaja, akamaliza mwaka 1986. Useremala alifundishwa kwa ubao. Mwalimu alichora randa, akaandika majina ya sehemu zake zote, nao wakanakili. Kwenye mtihani wa nadharia kaka alipata alama nzuri. Hakuwahi kuparuza ubao hata mmoja kwa miaka minne. Hadi leo anaweza kukuchorea randa ile kwa kumbukumbu, na kitanda chake alinunua dukani.

Wenzetu wa Kenya walianza mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) mwaka 1985 kwa nia kama hiyo hiyo, mtoto atoke shule na kazi mikononi. Gharama za kujenga karakana ziliangukia wazazi, penye uwezo zikajengwa, pasipo uwezo hazikujengwa, na baadaye masomo mengi ya mikono yakapunguzwa.

Naeleza haya kwa sababu nimesikia watu wakisema mkondo wa amali ni kitu kipya ambacho hakijapimwa. Kimeshapimwa, nasi tunajua kinapofia: pale vifaa vinapokosekana na mwalimu anaporudi kwenye chaki. Kwa hiyo tunajua pia pa kuangalia.

Umri wa kuchagua

Hapa nitaisifu Kenya wazi. Mfumo wao mpya wa 2-6-3-3-3, ulioiondoa 8-4-4 hatua kwa hatua (KCPE, mtihani wao wa kumaliza msingi, ilifanyika mara ya mwisho 2023), unamfikisha mtoto gredi ya 9 kwanza ndipo achague. Kundi la kwanza limeingia gredi ya 10 Januari mwaka huu, likigawanyika katika njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Mtoto anachagua akiwa na miaka kama 15.

Kwetu anachaguliwa akiwa na 13, na msingi ukishakuwa wa miaka sita atakuwa na 12. Mdogo wake binti yangu yuko darasa la tano. Kundi lake lilianza mtaala mpya likiwa darasa la tatu mwaka 2024, kwa hiyo litamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wa darasa la saba nao wanamaliza, na Januari 2028 makundi mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Wazazi wenye watoto wa darasa la tano mwaka huu, anzeni kutafuta shule mapema kuliko mlivyozoea.

Miaka 12 ni midogo. Mimi nikiwa na umri huo nilitaka kuwa dereva wa basi la mikoani. Kwa hiyo kwa mtoto ambaye bado hajaonyesha anakoelekea, na wengi wako hivyo, naelekea kusema jumla. Jumla inamsogezea uamuzi mbele miaka minne, na akimaliza kidato cha nne vyuo vya ufundi bado vitampokea. Kutoka amali kurudi kwenye udaktari, kwa mfano, ni safari ndefu zaidi, kwa kuwa biolojia na kemia zilizoachwa kidato cha kwanza hazisubiri mtu.

Miaka 24 ijayo

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025. Mwaka huo wa 2050 ukifika, binti yangu atakuwa na miaka 37, katikati kabisa ya maisha yake ya kazi. Nikimchagulia shule leo ninaichagulia kazi ya wakati huo pia, na hapo ndipo hoja za pande zote mbili zinapobadilika.

Wazazi wa jumla wanafikiria ofisi. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2022, programu za akili unde zimeingia mikononi mwa kila mwenye simu, na kazi zao za kwanza zilikuwa zile zile za ofisini: kuandika barua, kufupisha ripoti, kutafsiri, kupanga takwimu. Darasani kwangu nimeyaona mapema. Mtoto anapiga picha swali la milinganyo, simu inamletea jibu pamoja na njia, ananakili. Daftari la kazi za nyumbani limeacha kuniambia mtoto anajua nini. Siku hizi namwita ubaoni, nampa swali, nabadilisha namba moja katikati, namwomba aniambie kwa mdomo nini kitabadilika. Inachukua muda, na kwa darasa la watoto 70 ni kazi kweli. Lakini nadhani huko ndiko ufundishaji wote unakoelekea, mtoto afanye mbele ya mwalimu. Mkondo wa amali umeanzia hapo tangu siku ya kwanza, maana taa inawaka au haiwaki. Mtaala wa jumla umesemwa kuwa wa umahiri tangu 2005, na bado tunapima kwa kukariri.

Wazazi wa amali nao wanafikiria kwamba ufundi hauzeeki. Unazeeka. Nenda gereji yoyote ya mjini leo uone. Gari likiletwa, fundi kijana anachomeka kifaa chini ya usukani, kinamsomea hitilafu kwa namba na maneno ya Kiingereza. Mzee aliyebobea kwenye kabureta anasimama pembeni akisubiri atafsiriwe. Pikipiki za umeme zimeshaanza kuonekana barabarani, hazina plagi wala oili ya injini. Treni ya umeme inapiga ruti Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Kazi za umeme zitakuwepo, hilo sina shaka nalo, ila atakayezifanya miaka 15 ijayo ni yule anayeweza kusoma mwongozo mpya na kuuelewa peke yake usiku nyumbani. Kijana aliyefundishwa kufunga taa ya ngazini tu, bila Kiingereza cha kusomea na bila hesabu, atakuwa fundi wa jana akiwa na miaka 30.

Kwa hiyo kwa macho ya mwaka 2050, sioni mkondo wenye bima. Kwenye jumla naogopa mtoto anayejua kujibu maswali ambayo mashine inajibu vizuri zaidi. Kwenye amali naogopa fani iliyofundishwa kwa wembamba.

Vyeti, milango, na pesa

Kwa jumla, mlango mkuu ni kidato cha tano na chuo kikuu. Kwa amali, mlango wa karibu ni kazi, na wa pili ni vyuo vya ufundi. Ngazi zimeunganishwa: cheti cha ufundi stadi, kisha ngazi za NTA, yaani za tuzo za vyuo vya ufundi, kuanzia ya 4, stashahada kwenye ya 6, hadi shahada. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya viko kwenye njia hiyo. Cheti kina kazi hata kwa anayejiajiri. Fundi umeme anayetaka kusaini kazi ya kufunga nyaya ili mteja aunganishiwe umeme lazima awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni haitolewi kwa mdomo. Najua mafundi hodari wa mtaani ambao kazi yao husainiwa na mtu mwingine, na sehemu ya malipo humfuata huyo mwenye leseni.

Pesa: elimu bila ada imefika hadi kidato cha nne tangu 2016, kwa mikondo yote. Amali huongeza ovaroli, viatu vya usalama na wakati mwingine vifaa. Ulizeni mapema muandikiwe orodha.

Kwa wenye mabinti

Nimeona shule zinazowapanga wasichana kwenye ushonaji na upishi bila hata kuwauliza. Ushonaji ni kazi ya heshima, mama yangu alitusomesha kwa cherehani. Lakini mtoto wa kike anayetaka umeme au magari apewe umeme au magari. Kwenye ile karakana ya pili nilihesabu wasichana sita, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiwasaidia wengine kusoma mchoro. Uliza kama shule ina mwalimu wa kike wa fani, au walau matroni anayefika karakanani. Uliza pia wasichana wanabadilishia wapi nguo za kazi. Shule ambayo haijawahi kulifikiria swali hilo haijajiandaa kuwapokea.

Nani aende wapi, kwa maoni yangu

Mtoto anayetaka udaktari, ufamasia au uuguzi aende jumla, tena jumla yenye maabara. Anayependa kusoma vitabu, anayeandika, anayebishana hadi mnachoka, aende jumla. Ambaye hajulikani bado, jumla pia, kwa sababu ya umri niliyoieleza.

Mtoto anayefungua redio kuona ndani, anayeuliza inavyofanya kazi, anayesahau kula akiwa anatengeneza kitu, apelekwe amali, mradi karakana mmeiona. Mtoto mwenye akili darasani naye akitaka amali asizuiwe, hapa ndipo wazazi tunapokosea zaidi, tunadhani alama nzuri ni tiketi ya kukimbia ufundi. Na yule anayekwenda jumla kwa aibu ya wazazi tu, huku mikono yake inamwasha, mfikirieni tena.

Penye shule moja tu ya karibu na haina karakana wala maabara, ningechagua jumla na kumtafutia mtoto fundi mwadilifu wa kumshika mkono wakati wa likizo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kwa hiyo kazi ya likizo inaweza kuja kuwa cheti.

Jumamosi iliyopita tulirudi ile shule ya pili, mara hii na mama yake. Aliangalia kila kitu kimya, kisha akaomba aonyeshwe maktaba. Wakatupeleka kwenye chumba kidogo chenye rafu nne, daftari la kuazimia vitabu likiwa mezani, na majina ya wiki ile ile yameandikwa ndani. Akalifunua kurasa kadhaa nyuma. Kila wiki ilikuwa na majina. Kwenye gari akaniambia, "Basi, umeme." Fomu tumeijaza jana. Bibi nitampigia Jumapili baada ya ibada, nimweleze mwenyewe habari ya vyeti viwili.